Konzi Kabla ya Sufuria

Somo: Wafilipi 4:10–20

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha bajeti cha usharika. Tukapitia mishahara, umeme, vipaza sauti, halafu vigae vya sakafu, ambavyo vilikula saa nzima kwa sababu kuna waliotaka vya kijivu na kuna waliotaka vyeupe. Misheni ilikuwa mstari wa mwisho kwenye karatasi. Saa nane imeshapita, watu wana njaa. Mwenyekiti akasema, "Hapo tuandike kitakachobaki." Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha, na ndicho kinachonisumbua tangu siku ile.

Kitakachobaki ni ukoko. Siku nyingine upo, siku nyingine wageni wamemaliza hadi chini ya sufuria. Mwinjilisti wetu wa kule porini anaishi kwa ukoko huo. Posho yake ilipochelewa miezi mitatu hakuja kudai. Alikuja kuuliza kama kuna mtu mwenye tairi kuukuu la baiskeli, maana la nyuma alikuwa amelizungushia vipande vya tyubu hadi likawa na nundu.

Sasa tazama Wafilipi. Paulo alitoka kwao akaenda Thesalonike, mwendo wa kilomita kama 150. Huko nyuma aliacha kanisa changa kabisa: Lidia, mlinzi wa gereza na nyumba yake, na ndugu wengine. Jengo hawakuwa nalo, walikutana nyumbani kwa Lidia. Lakini Paulo anasema hata alipokuwa Thesalonike walimletea msaada, tena si mara moja. Hawakusema, "Ngoja kwanza tusimame wenyewe."

Na msaada ule ulifanya kazi. Huko Korintho Paulo alikuwa akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, jimbo la hao Wafilipi, Matendo 18:5 inasema Paulo "akasongwa sana na lile neno". Naye mwenyewe anawaambia Wakorintho kwamba ndugu waliotoka Makedonia ndio waliomtimizia mahitaji yake. Nikiunganisha mistari hiyo miwili namwona akiweka sindano chini.

Kuna jambo jingine kwenye somo letu, na wahazini watalipenda. Paulo anapoandika kwamba amepokea vyote, neno alilotumia kwa Kigiriki ndilo wafanyabiashara wa wakati ule waliloliandika kwenye stakabadhi. Amewaandikia risiti! Ndipo unakuja mstari wa 19: "Na Mungu wangu atawajazeni kila mnachokihitaji." Mstari huu tunaubandika kwenye daladala na milango ya maduka, lakini ahadi yenyewe iliandikwa chini ya risiti, kwa watu waliokuwa wametoka kuchangia kazi ya Injili mbali na kwao.

Najua kuna atakayesema misheni ni ya wenye fedha za ng'ambo, sisi ni wa kupokea. Hapo nawakumbuka Wamizo, watu wa milimani kaskazini-mashariki mwa India. Wamisionari wawili, Lorrain na Savidge, walifika kwao mwaka 1894, kwa fedha za Robert Arthington, tajiri wa Leeds aliyejibana matumizi hadi watu wakamwita bahili. Mwaka 1910, miaka kumi na sita tu baadaye, wanawake wa Kimizo wakaanza desturi wanayoiita buhfai tham. Mama anapopima mchele wa kupika, kabla haujaingia kwenye sufuria, anachota konzi moja na kuiweka kwenye chombo cha pembeni. Kina mama wanapita nyumba kwa nyumba kuukusanya, unauzwa, fedha inakwenda kwenye kazi ya Mungu. Desturi hiyo haijafa mpaka leo, na konzi hizo zimesaidia kuwatuma wamisionari wa Kimizo kwenda kwa watu wengine.

Wale kina mama hawakuwa matajiri. Ila walijua wakati wa kuchota. Ukichota kabla ya kupika, hakuna mlaji atakayeona pengo kwenye sahani yake. Ukisubiri watu washibe, utakuta wamebakiza mifupa.

Nyumbani kwangu tulijaribu wiki hii. Ndoo ndogo ya rangi, imeoshwa, imewekwa karibu na jiko. Jumatano tulisahau, tukakumbuka maji yameshachemka na mchele umo ndani. Mtoto wa mwisho akawa ndiye msimamizi, na mkono wake ni mdogo, kwa hiyo alichota mara mbili akisema moja ni yake. Jumamosi jioni tulipopima ilikuwa imekaribia nusu kilo.

Jumapili tuliupeleka kwenye mnada baada ya ibada, kwenye mfuko wa plastiki, katikati ya kuku aliyefungwa miguu na mkungu wa ndizi. Tukamwambia mnadishaji huu ni wa tairi la baiskeli la mwinjilisti. Mama mmoja mjane akaununua kwa bei ya kilo mbili, akausogeza tena mezani, akasema, "Uuzeni tena."