Fainali ilipotufuata Kigoma

Julai 25, 2021, Simba na Yanga walikuja kumalizana kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, fainali ya Kombe la Shirikisho. Mimi Yanga damu. Shemeji ni Simba, tukakaa bega kwa bega tukigawana migebuka, samaki wa ziwani, ya kukaanga kwenye gazeti.

Kabla ya mapumziko Mukoko Tonombe wetu akalamba kadi nyekundu kwa kumpiga Bocco wa Simba kiwiko. Jamaa kwao ni ng'ambo ya ziwa hapo, Kongo, kwa hiyo tulimwona kama mtoto wa nyumbani. Tukabaki kumi. Kipindi cha pili ikapigwa kona, Lwanga wa Simba akaruka, kichwa, bao. Moja bila.

Shemeji hakushangilia. Alinisogezea mgebuka wa mwisho, kimya. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.