Ghorofa zije, lakini na ua wake

Nyumba yetu hapa Majengo ni ya Kiswahili hasa: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wa wapangaji wote. Huko ndiko mahamri ya biashara hukaangwa alfajiri, na mzazi aliyejifungua hupikiwa uji na majirani. Sasa nyumba zikibomolewa, ghorofa humeza kiwanja chote, hata upepo wa kusi hauna pa kupita. Sipingi ghorofa, watu ni wengi na mabati yetu yameoza. Ila mchoro uanze na ua: mwarobaini, tangi la maji ya mvua, mahali pa kupikia. Na kwa kuwa wengi hapa tuna nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yetu lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, mwenye kiwanja asiamue peke yake. Tuitwe mapema, wapangaji pia.