Siku moja maishani mwangu: nachora takwimu, watu wanatafuta kwao

Saa 12:20 asubuhi

Sijapiga mswaki, simu iko mkononi. Jana usiku niliposti grafu ya mikoa mitano yenye watu wengi kwa Sensa ya 2022: Dar es Salaam 5,383,728, Mwanza 3,699,872, Tabora 3,391,679, Morogoro 3,197,104, Dodoma 3,085,625. Nguzo tano, majina makubwa, chanzo NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Nilichotaka watu wakione ni Dodoma, kwamba mwaka 2012 tulikuwa 2,083,588 na ndani ya miaka kumi tumeongezeka milioni nzima. Hiyo nimeiandika kabisa, tena kwa herufi nene.

Nashuka kwenye komenti. "Singida mbona haipo?" "Kigoma tumesahauliwa tena." "Nyie wa Dodoma mmejipendelea." Mmoja ameandika kwa hasira kwamba Mbeya ni kubwa kuliko Dodoma na hizi takwimu ni za uongo. Huyo namwelewa. Kichwani mwake Mbeya bado ni ile ya 2012, kabla Songwe haijamegwa kutoka humo mwaka 2016. Namjibu kwa upole. Anarudi na emoji ya kucheka, basi tumepatana.

Ile milioni ya Dodoma haijagusiwa na mtu. Na sishangai, maana kazi hii imenizoesha kwamba mtu akifunguliwa grafu, jicho halianzi kwenye kichwa cha habari wala kwenye nguzo ndefu. Linakwenda kwao. Likikuta kwao hakupo, hasomi tena, anashtaki.

Saa 2:00 asubuhi

Bodaboda mpaka Makole, macho nimeyafumba nusu kwa sababu ya vumbi. Msimu huu upepo wa Dodoma hauna adabu.

Kabla ya kupanda ofisini napita kwa mama wa chapati, ambaye bila kujijua ni mhariri wangu. Kila ramani mpya namwonyesha yeye kwanza, kwenye simu, huku anageuza chapati. Leo nina ramani ya mikoa yote. Penye watu wengi nimepaka nyekundu iliyokolea, penye wachache nyekundu hafifu.

"Shikamoo mama. Hebu nitazamie hii."

"Marahaba mwanangu. Hee! Huko kwenye wekundu kuna nini, kipindupindu?"

Nimecheka, lakini jibu nimelipata. Ramani zilizokolea wekundu tulizizoea wakati wa korona, na kabla ya hapo zilikuwa za kipindupindu. Mtu akiona nchi imewiva nyekundu anatafuta wagonjwa.

Ugomvi wa rangi hauishii hapo. Hapa kwetu nyekundu na nyeupe ni Simba. Kijani na njano ni Yanga, na ukikwepa Yanga utaambiwa umetumwa na chama tawala. Zambarau ni ACT-Wazalendo. Bluu na nyeupe kuna atakayekuuliza Azam wanakulipa kiasi gani. Unaweza kuchora kiwango cha chanjo za watoto wachanga, komenti zote zikawa za dabi ya Kariakoo. Nimeishia kupenda rangi ya machungwa pamoja na bluu nzito, ambazo zina faida nyingine: mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani anaziona vizuri. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hao ni karibu mmoja katika kila 12. Kwetu nao wapo, ila wengi hawajawahi kupimwa, wanadhani grafu ndizo mbovu.

Chapati mbili, chai ya maziwa. Nyekundu naifuta hapohapo mezani.

Saa 4:00 asubuhi

Mteja amefika, kijana mstaarabu wa asasi moja ya hapa mjini. Anataka picha ya jinsi walivyotumia fedha zao, makundi tisa.

"Dada, niwekee duara. Lile lililoinuka kidogo, kama linatoka kwenye skrini."

Duara kila mtu alilisoma shule ya msingi, na linapendeza. Umri wake si mdogo: Mskoti William Playfair alilichapisha mwaka 1801, miaka kumi na mitano baada ya grafu zake za kwanza. Lakini vipande tisa? Tena vya kuinuka?

Sibishani na mteja kwa maneno. Nimemchorea duara lake, nikafuta namba, nikamgeuzia kompyuta.

"Kaka, kipi kikubwa, cha bluu au cha machungwa?"

"Cha bluu."

"Na hiki cha kijivu je?"

Akainamisha kichwa upande mmoja, akainamisha upande wa pili. Nikamfungulia zilezile namba kwa nguzo zilizolala. Akazipanga bila kupumua. Watafiti William Cleveland na Robert McGill walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1984: jicho linalinganisha vizuri vitu vilivyopangwa kwenye mstari mmoja, na linababaika kwenye pembe na maeneo.

Hapo ningeweza kujisifu, ila mteja naye alikuwa na hoja. "Dada, hii ni sahihi, lakini nani atasimama kuiangalia?" Ni kweli. Kuna watafiti wa Kanada, Bateman na wenzake, waliochapisha mwaka 2010 kwamba grafu zilizopambwa kwa michoro zilikumbukwa vizuri zaidi baada ya wiki mbili tatu kuliko zile kavu, na kuzisoma hakukuharibika. Walimu wengi wa kazi hii hawapendi kusikia hilo. Mimi nimeongeza kichoro cha ndoo ya maji na cha dawati mwanzoni mwa nguzo zinazohusika. Mteja kafurahi. Duara tumelizika.

Saa 6:00 mchana

Grupu la ukoo limewaka. Mtu amefowadi grafu ya kasi ya ongezeko la watu Tanzania: 2.7% kwa mwaka kati ya 2002 na 2012, 3.2% kati ya 2012 na 2022. Namba ni sahihi kabisa. Mchoraji ameanzisha mstari wa wima kwenye 2.5 badala ya sifuri, kwa hiyo nguzo ya kwanza ina kimo cha 0.2 na ya pili 0.7. Kwa macho, ya pili ni mara tatu na nusu ya ya kwanza. Ukianzia sifuri, inaizidi kwa chini ya moja ya tano.

Shangazi: "Jamani tunaongezeka mara tatu!!" Baba mdogo: "Ndiyo maana viwanja vimepanda." Binamu aliyeko chuo anasema vijana waache kuzaa, shangazi anamuuliza yeye atazaa lini. Hapo grafu imeshasahaulika.

Hakuna aliyedanganywa kwa namba, zimeandikwa pale juu. Wamedanganywa na kimo, maana kimo kinasomwa kabla ya namba. Mwaka 2014 shirika la habari la Reuters lilitoa grafu ya mauaji ya bunduki Florida, Marekani, ambayo sifuri ilikuwa juu na namba zinashuka chini. Mauaji yalipanda baada ya sheria ya 2005 ya kujihami kwa silaha, ila kwa jinsi ilivyochorwa watazamaji wengi waliona yameshuka. Mchoraji hakuficha kitu. Watazamaji walikuja na mazoea yao: juu ni kingi, chini ni kidogo.

Nimechora upya ile ya ukoo kuanzia sifuri, nikaituma. Kimya. Kisha shangazi: "Hii yako haina msisimko."

Saa 7:30 mchana

Ugali wa mtama na mlenda. Sijagusa simu.

Saa 8:15 mchana

Ramani ya asubuhi, sasa ya machungwa, imekwenda hewani. Pembeni yake nimeweka nguzo za mikoa ileile, watu wateleze wenyewe kutoka picha moja hadi nyingine.

Ramani imeishinda nguzo kwa mbali, na najua ni kwa nini: mikoa yote imo. Hakuna wa kuuliza kwao kuko wapi. Wa Katavi anakata kipande chake na kukiweka stetasi. Komenti zinakuja kwa majina ya mikoa, watu wanasalimiana, wanataniana, Wagogo na Wanyamwezi wanavutana kidogo.

Ila ramani nayo ina ujanja wake, na huu sina dawa nao kamili. Mkoa wa Tabora una eneo la kilomita za mraba zaidi ya 76,000. Dar es Salaam haifiki 1,400. Yaani wale watu milioni tano na ushee, ambao wangejaza nguzo ndefu kuliko zote, kwenye ramani ni punje unayoweza kuifunika kwa kidole. Lindi yenye watu kama milioni 1.2 imetanda sehemu kubwa ya pwani ya kusini. Kijana mmoja ameandika: "Kumbe Dar watu wachache hivi?" Rangi ya Dar ndiyo iliyokolea kuliko zote, lakini ukubwa umeimeza rangi. Nimemwambia ateleze picha ya pili. Sidhani kama aliteleza.

Si yeye tu. Dunia nzima imekuzwa na ramani ya Mercator ambayo Greenland inakaribia kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kama mara kumi na nne. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuibadilisha. Michoro ile ya Afrika iliyojazwa Marekani, China na India ndani yake ilipokuwa ikizunguka, sikuona ikipita grupu lolote bila mtu kuipokea kwa hamasa. Ni somo la jinsi dunia ya mviringo inavyolazwa kwenye karatasi bapa, mada kavu kuliko zote, na watu wanaisambaza usiku kucha. Kwa sababu kwao kumo, tena kumekuwa kukubwa.

Kinyume chake ni ile michirizi ya joto ya Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading, iliyoenea tangu 2018. Kila mchirizi ni mwaka, bluu ni baridi, nyekundu ni joto, hakuna namba hata moja. Niliwahi kuposti ya Tanzania. Komenti ya kwanza: "Kitenge hiki kinauzwa wapi?"

Saa 10:00 jioni

Ramani imerudi kwangu kupitia WhatsApp, imepita mikono mingi: ukungu, herufi hazisomeki, chini imekatwa, chanzo hakipo. Ndiyo maana siku hizi chanzo sikiweki chini. Nakibandika katikati ya mchoro, karibu na nguzo, asiyekitaka aharibu mchoro mzima. Kuna wanaouliza "una kibali?", na swali hilo lina historia: marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Takwimu ya 2015 yaliwatia watu hofu ya kuposti namba yoyote, na hata baada ya sheria kulegezwa mwaka 2019 hofu haijaisha yote. "NBS, Sensa 2022" ikisomeka katikati, maswali hayo yanapungua.

Saa 11:30 jioni

Nampigia mjomba, Kongwa. Nilimtumia grafu ya mvua ya Dodoma tangu juzi, mstari mmoja wa wastani, kama milimita 570 kwa mwaka, na nguzo za miezi: Desemba hadi Machi zimesimama, Juni hadi Septemba tupu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Nimeiona picha yako. Hii mvua imepimwa wapi?"

"Dodoma mjini, mjomba."

"Basi ni ya mjini. Mimi silimi mjini."

Nikanyamaza. Akaendelea. Wastani, alisema, haupandwi. Mwaka mmoja mvua inamwagika yote Januari, mahindi yanalala. Mwaka mwingine inakata Februari wakati yanabeba. Ukijumlisha, miaka yote miwili inatoa namba moja. "Waingereza walikuja hapa na karanga zao mwaka 1947. Matrekta, mabwana shamba, kila kitu. Mwaka 1951 wameshaacha. Walikuwa na wastani hao?"

Mradi ule wa Kongwa uliuawa na mengi, ukame na udongo unaokakamaa jua likiwaka vikiwemo. Lakini swali la mjomba ni lilelile la Singida na Kigoma, mimi niko wapi humu, ila yeye hakuishia kushtaki. Aliuliza kipimo kilisimama wapi, kisha akauliza wastani umeficha nini. Kati ya wote walionijibu leo, huyu ndiye aliyeisoma grafu.

"Nikuwekee kila mwaka nukta yake, mjomba? Uone iliyozidi na iliyopungua?"

"Weka. Na uandike pale kwamba ni ya mjini. Halafu nichapie karatasi nikaibandike ofisi ya kijiji. Mwenyekiti ana simu ya kitochi, picha haifunguki."

Saa 2:00 usiku

Kompyuta tena. Nimeufuta mstari wa wastani, nimeweka nukta, mwaka mmoja nukta moja, na mwaka wa El Niño, 1997/98, nimeuandika jina kwa sababu ndio watu wa umri wa mjomba wanaouanzia kuhesabu. Kichwa: "Mvua iliyopimwa Dodoma mjini".

Kisha nikakumbuka mashine ya kutolea kopi itakuwa ya nyeusi na nyeupe. Nimejaribu kuichapa kijivu: machungwa na bluu vyote vimekuwa kitu kimoja. Nimeondoa rangi. Miaka ya mvua nyingi ni nukta iliyojazwa, ya ukame ni nukta tupu, ukubwa wa herufi kumi na sita, karatasi ya A4. Faili nimemtumia kijana wa duka la kuchapa na kutoa kopi Kongwa mjini, kesho atamkabidhi mjomba, shilingi za kuchapa nimeshamtumia kwa simu.