Parachichi lilivyochukua nafasi ya siagi mezani kwangu

Nilistaafu ualimu nikiwa na miaka 60, na mwaka huohuo vipimo vikaonyesha lehemu (kolesteroli) katika damu imepanda. Daktari akaniambia, "Mama, tuanzie jikoni kwanza." Kwetu Tukuyu uani kuna miparachichi miwili ya kienyeji, na miaka yote matunda yake tulikuwa tukiwamwagia nguruwe.

Nikaanza kula parachichi zima kila siku, huku chapati, maandazi na siagi vikiendelea vilevile. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimeongezeka kilo mbili. Kumbe gramu 100 za parachichi zina kalori kama 160. Mafuta yake mengi ni ya jamii moja na ya zeituni, yanaufaa moyo, lakini ni mafuta. Yakiingia sahanini, lazima mengine yatoke.

Basi nikaitoa siagi, na maandazi nikayaachia Jumapili. Asubuhi naponda nusu parachichi kwa ndimu, nalila na magimbi ya kuchemsha. Siku nyingine nalikatia kwenye kachumbari ya nyanya na karoti, maana ile rangi ya karoti mwili hauifyonzi vizuri bila mafuta. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2022, uliofuatilia watu zaidi ya 110,000 kwa miaka 30, ulikuta kwamba waliokula angalau nusu tunda mara mbili kwa wiki walikuwa na hatari ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu pungufu kwa asilimia 16 kuliko wasiolila. Huenda walikuwa na mazoea mengine mema pia. Hata hivyo ulinitia moyo.

Kazi ilikuwa kuyapata yakiwa yameiva sawasawa, kwa kuwa parachichi haliivi mtini. Nayafunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, siku tatu hivi. Kisha nabandua kikonyo: chini pakiwa na kijani cha kung'aa, nakata, pakiwa kahawia, limeshapita.

Lehemu imeshuka, na choo hakinisumbui tena. Natembea pia kila asubuhi, kwa hiyo sifa zote silipi parachichi. Kaka yangu mwenye tatizo la figo alikatazwa kulila ovyo, kwa sababu lina potasiamu nyingi kuliko hata ndizi.

Mama yangu ana miaka 84 na meno manne. Namsagia parachichi kwa kijiko mpaka linalainika kama uji. "Ongeza chumvi, mwanangu," ananiambia kila jioni, nami namwongezea ndimu.