Siku moja maishani mwangu: seli T zisipoitikia

Saa 11 na nusu alfajiri

Daladala za Buhongwa kwenda mjini saa hizi bado zina nafasi, nami napenda kuwahi. Kuna mirija ya damu iliyolala kwenye inkubeta tangu jana saa 9 alasiri. Inatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 37 kwa saa 16 hadi 24, na ratiba yangu yote ya leo inaanzia hapo.

Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Mwanza. Wenzangu wengi wanamtafuta mdudu: vimelea vya malaria kwenye kioo, bakteria wa TB kwenye makohozi, mayai ya kichocho kwenye choo. Kazi yangu ni kuangalia mwili wenyewe unavyompokea mdudu huyo, hasa seli T, zile seli nyeupe za damu zinazokomaa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Wataalamu wengi waliiona tezi hiyo haina kazi ya maana, mpaka mwaka 1961 mtafiti Jacques Miller alipoonyesha kwamba panya aliyeondolewa thaimasi mara tu baada ya kuzaliwa hukua bila kinga ya kueleweka. Kwa hiyo fani yangu ni changa. Wapo wazee wengi mtaani kwetu walioizidi umri.

Saa 1 asubuhi

Kwanza naangalia kumbukumbu ya joto. Umeme ulikatika usiku, jenereta ikachelewa kidogo, lakini inkubeta haikushuka chini ya 36.5. Mirija imesalimika.

Kila mtu ana mirija minne ya kutafuta maambukizi ya TB. Wenye kifuniko cha kijivu hauna kichocheo chochote. Unaonyesha damu ilivyo ikiachwa yenyewe. Wa kijani na wa njano imewekwa vipande vya protini mbili za bakteria wa TB, ESAT-6 na CFP-10. Kama seli T za mtu huyu zimewahi kukutana na bakteria huyo, zitavitambua vile vipande na kumwaga intaferoni gama, protini ambayo seli huitumia kuamshana, na hiyo ndiyo tunayoipima. Kovu la BCG begani halitudanganyi, kwa sababu bakteria wa chanjo hana protini hizo mbili. Kwa nchi ambayo mtoto anachanjwa BCG akizaliwa, hilo ni jambo kubwa, maana kipimo cha zamani cha ngozi kinaweza kuvimba kwa ajili ya chanjo tu.

Mrija wa nne, wa zambarau, una mitojeni, yaani kichocheo cha jumla, nao ndio ninaoupenda kuliko yote. Mitojeni haiulizi seli imewahi kukutana na nani. Inaziamsha seli T kwa jumla. Zisipoamka hata kwa mitojeni, basi ukimya wao kwenye mirija ya TB hauna maana yoyote, na mtu asiambiwe hana maambukizi.

Naizungusha mirija yote kwenye sentrifuji dakika 15. Seli zinabaki chini ya jeli, plazima, yaani majimaji ya damu, inakaa juu, rangi ya chai iliyopoa.

Saa 2 na nusu

Wagonjwa wa leo. Wa kwanza ni mama anayeuza dagaa Mwaloni, ana lupasi, ugonjwa ambao kinga humgeukia mwenyewe. Daktari wake anataka kumwongezea dawa ya kuituliza kinga, lakini lazima kwanza ajue kama kuna TB iliyolala ndani, yaani bakteria wapo lakini hawajamfanya augue, kwa sababu kinga ikilegezwa TB inaweza kuamka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona chupa nne? Damu yangu yote mnaipeleka wapi?"

Nikamwonyesha: mililita moja kila mrija, zote nne hazijazi kijiko cha chai. Akacheka, akanyoosha mkono. Nikishatoa damu natikisa kila mrija mara 10, kwa nguvu ya kutosha damu ipake ukuta wote wa ndani, maana vichocheo vimekaushiwa pale. Ukitikisa kwa ulegevu haviyeyuki vyote. Ukizidisha unavuruga jeli.

Kwenye fomu yake naandika dozi ya prednisolone anayomeza. Dawa hiyo ikiwa nyingi hupunguza mwitikio wa seli T, hivyo daktari akiona majibu dhaifu ajue dawa ina mkono wake humo. Nawauliza wote pia kama wanavua, wanafua au wanachota maji ziwani. Mayai ya minyoo ya kichocho huielekeza kinga upande wake, na damu ya mtu wa kando ya ziwa hili haiwezi kusomwa kana kwamba ametoka London.

Saa 3 hadi saa 6 mchana

Hapa ndipo uvumilivu unapohitajika. Sahani ina vishimo 96. Kila kimoja kinapokea mikrolita 50 za kingamwili zenye kimeng'enya, kisha mikrolita 50 za plazima, halafu saa mbili kwenye joto la kawaida la chumba. Tunaosha angalau mara sita. Ukiosha vibaya sahani nzima inageuka rangi moja na siku imepotea.

Leo nina binti wa mafunzo kwa vitendo. Tukiwa tunasubiri akaniuliza, "Madam, kuna watu wanaozaliwa bila seli T kabisa?"

Wapo. Ni wachache, na mtoto wa hivyo huonekana mzima siku za mwanzo. Kisha inafuata nimonia, utando mweupe mdomoni usiosikia dawa, kuharisha kusikoisha, kugoma kunenepa. Hata BCG, ambayo ni salama kwa watoto walio wengi, inaweza kumsambaa mwilini na kumwangusha. Kipimo kipo: seli T inapotengenezwa kwenye thaimasi, vipande vya DNA hukatwa na kubaki kama vipete vidogo ndani ya seli, na vipete hivyo vinaweza kuhesabiwa kwenye tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilianza kuwapima hivyo watoto wote wachanga mwaka 2008. Binti akanyamaza, kisha akauliza ni wangapi kwetu tumewazika tukisema ni nimonia. Nadhani hilo ndilo swali bora nililoulizwa kwa muda mrefu, na natamani liulizwe kwenye vikao vikubwa zaidi ya chumba chetu.

Tukatia kimiminika cha kuleta rangi. Kwa dakika 30 vishimo vinageuka bluu, vingine haraka, vingine taratibu. Kimiminika cha mwisho kinasimamisha kila kitu na bluu inakuwa njano. Kuanzia hapo una dakika tano tu za kusoma.

Kabla mashine haijasema, jicho limeshaona. Safu ya mitojeni ilikuwa njano iliyokolea kwa kila mtu, isipokuwa kishimo kimoja kilichopauka.

Saa 6 na robo

Ni cha kijana mvuvi kutoka kisiwani, aliyeletwa kupimwa kwa kuwa kaka yake anayeishi naye ana TB. Mambo mengine yanayomhusu nimeyaacha makusudi. Mrija wa kijivu umesoma intaferoni gama 0.06. TB zote mbili chini ya 0.35, ambacho ndicho kiwango cha kuhesabu chanya. Mitojeni ikiondolewa ya kijivu ilitakiwa ifike angalau 0.5. Yake ni 0.15.

Mtu mwenye haraka angeona mirija ya TB imetulia na kuandika hasi. Lakini jibu sahihi ni kwamba kipimo hakisomeki, na kwangu mimi majibu yasiyosomeka si karatasi ya kutupa. Sampuli ilifika mapema, mirija ilitikiswa vizuri, wenzake wa sahani hiyohiyo wameitikia. Kilichobaki ni mwenye damu. Nikampigia daktari, nikamwambia seli T za huyu hazijaitikia hata mitojeni, naomba aitafute sababu leo, kijana asiachwe apande boti na jibu la "rudi siku nyingine".

Bahati nzuri alikuwa amefikia kwa shemeji yake Igoma.

Saa 7 mchana

Wali maharage. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba mitojeni ya mrija wa zambarau ni protini inayotoka kwenye maharage mekundu, na ni hiyohiyo inayowaumiza tumbo watu wanaokula maharage yasiyoiva. Mwaka 1960 mtafiti Peter Nowell aligundua kwamba inazifanya seli nyeupe za damu zigawanyike, na mlango wa kuzichunguza zikiwa hai ukafunguka. Wapishi wetu wanaichemsha mpaka iishe, nawashukuru.

Saa 8 na nusu

Kijana amezungumza na mshauri, amekubali kupimwa, na vipimo vya VVU vimethibitisha kwamba anavyo. Damu yake imeletwa kwangu kwa ajili ya kuhesabu CD4, kundi la seli T ambalo VVU hulishambulia, kwenye mrija wa EDTA unaozuia damu kuganda, kwenye joto la kawaida kama inavyotakiwa. Damu ya CD4 haiwekwi kwenye friji.

Naichanganya na kingamwili zilizobebeshwa rangi zinazong'aa, moja ya CD3 inayozitambua seli T zote, nyingine ya CD4. Seli nyekundu zinayeyushwa, kisha zilizobaki zinapita moja moja mbele ya mwanga wa leza. Kwenye skrini kila seli ni nukta. Kwa mtu mzima mwenye afya kundi la CD4 hujaa kama wingu zito. Lake lilikuwa nukta zilizotawanyika. CD4: 88 kwa mikrolita. Chini ya 200 ni VVU iliyokomaa, na watu wazima wenye afya kwa kawaida huwa kati ya 500 na 1,500.

Hapa mambo mawili yamekutana. CD4 inatuambia zipo ngapi, mirija minne inatuambia kama zinafanya kazi. Kuhesabu mitumbwi iliyo ufukweni si sawa na kujua ni mingapi inaweza kuingia majini, na kliniki nyingi zina hesabu ya kwanza tu, au hazina hata hiyo. Tangu dawa zianze kutolewa kwa kila mwenye VVU bila kusubiri CD4, wapo wanaosema CD4 haihitajiki tena. Sikubaliani nao. Wingi wa virusi unaeleza kama dawa zinafanya kazi. CD4 ndiyo inayoeleza nani yuko hatarini wiki hii.

Na kwa huyu, wiki hii ina mengi. Kwa CD4 kama yake tunapima damu kutafuta fangasi wa kriptokokasi kabla hajaingia kwenye ubongo. Tunapima mkojo kwa TB LAM, majibu ndani ya dakika 25. Ana kikohozi kidogo, kwa hiyo makohozi yanakwenda GeneXpert, mashine inayotafuta DNA ya bakteria wa TB, maana mirija yangu hata ingesoma chanya isingeweza kutofautisha TB iliyolala na TB iliyoamka.

Saa 9 na nusu alasiri

Mirija ya leo, pamoja na ya mama wa dagaa, imeingia kwenye inkubeta. Binti wa mafunzo ameandika saa kwa mkono wake.

Saa 11 jioni

Fangasi hakuna. Mkojo umesoma chanya, na daktari anamwanzishia dawa za TB leo. ARV zitafuata baada ya muda mfupi, kwa mpangilio, kwa sababu kinga inayorudi kwa kishindo juu ya TB ambayo haijatulizwa inaweza kumletea taabu nyingine. Ameniuliza CD4 irudiwe lini, tukakubaliana baada ya miezi sita. Nimemwomba jambo moja, nalo nimeliandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya ile 88: damu imetolewa saa 8 na dakika 20 mchana, na ijayo itolewe mchana pia. CD4 za mtu mmoja huwa chini asubuhi na hupanda kuelekea jioni. Akija asubuhi, namba inaweza kuonekana imesimama wakati dawa zinafanya kazi vizuri, na kijana akarudi kisiwani amekata tamaa bila sababu.