Andika unavyoona wewe

Tangu Jumanne sauti ya Baba haijanitoka masikioni. Hakufoka wala hakununa. Alisema tu, "Andika unavyoona wewe, mwanangu," kisha akageuza macho mlangoni, upande ule viliko vyoo.

Mnajua miwani yake ilivunjika, kwa hiyo kule kliniki ile fomu ya maswali 30 nilimsomea mimi. Tulikwenda vizuri. Umechoka? Usingizi unapata? Hamu ya kula? Anajibu, nazungushia namba. Tukafika swali la mwisho: ubora wa maisha yako kwa jumla wiki iliyopita, 1 ikiwa mbaya sana na 7 bora kabisa. Hapo nikamtangulia. "Hili tuweke 6, au sivyo Baba?" Nilisema kwa furaha kabisa. Ndipo akanijibu vile, nami nikazungushia 6.

Naosha vyombo, "unavyoona wewe". Nahamisha vitu vyangu kwenda ofisi mpya, "unavyoona wewe". Kinachonichoma zaidi ni kwamba juu ya fomu ileile imeandikwa mgonjwa ajibu mwenyewe, na kwamba hakuna jibu sahihi wala la kukosea. Mstari huo nilimsomea mimi, kwa sauti.

Niliona 6 kwa sababu mimi nilikuwa nahesabu majibu ya vipimo. Uvimbe wa saratani umetolewa wote, damu haijaonyesha dalili ya ugonjwa kurudi, utumbo umeunganishwa, na ule mfuko wa kupokea kinyesi, uliobandikwa kwenye tundu la tumboni, umeondolewa, sasa ni miezi sita. Siku walipoziba lile tundu tulishangilia nyumba nzima. Tangu siku hiyo Baba haendi mahali asipojua choo kiko wapi. Nesi alitueleza mapema: sehemu ya mwisho ya utumbo ndiyo ghala, na ghala lake limekatwa, kwa hiyo kinachoshuka sasa hakina pa kusubiri. Anaingia chooni, anatoka, anakaa dakika kumi, anarudi tena, mara nne asubuhi moja. Na haja ikimwita, ni sasa hivi. Kuna dodoso jingine fupi la maswali matano linalopima mambo hayo peke yake, alama 0 hadi 42, na ukifika 30 hali yako ni kali. Baba alipata 34. Karatasi zote mbili nilikuwa nimezishika mimi, kwenye faili moja.

Jana usiku nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata sebuleni. "Baba, ile namba niliiandika mimi. Wewe ungeandika ngapi?"

Akafikiri kwa muda mrefu. "Jumanne ile, 2," akasema. "Enzi za mfuko, pengine 4. Mfuko nilishauzoea. Ukifika theluthi naumwaga, basi, naendelea na yangu. Tumbo hili halinipi taarifa."

Machozi yalikuwa yameshanilenga. Akaongeza, "Lakini leo 5."

Leo kuna nini? Mpira, kumbe. Alikuwa amesikiliza kipindi kizima cha kwanza redioni, dakika 45, bila kuinuka kitini. Vile vidonge vya kupunguza kasi ya utumbo, anavyomeza sasa nusu saa kabla ya kula, vimeanza kumshika, na mazoezi ya kubana misuli ya haja anayafanya kimyakimya hapohapo alipokaa, hata wageni wakiwapo. Alipoinuka kwenda kulala nikautazama mto wa kiti. Ulikuwa bado umebonyea alipokalia. Nikausogelea, nikaugusa, bado una joto. Miezi sita sijaona mto wa kiti kile ukibonyea hivyo. Sikuupiga ujae tena, niliuacha vilevile hadi asubuhi.

Kliniki ijayo atajibu mwenyewe. Miwani ikichelewa, nitasoma swali kisha nitanyamaza, hata kama atachukua nusu saa kwa namba moja. Na nitamwomba nesi aifute ile 6, kama inafutika.

Nilitaka kuandika zaidi, ila kitinda mimba wangu anakohoa chumba cha pili. Kikohozi kikavu, na hii ni mara ya tatu tangu nikae hapa. Jioni alipolala hakuwa na homa. Ngoja nikamguse paji la uso.