Kongamano la waandishi: beba kurasa kumi na swali moja

Ukikaa siku mbili ukumbini na watu wanaobishana kuhusu wahusika na sura za kwanza, utatoka na hamu ya kuandika hata kama kalamu ilikauka tangu mwaka jana. Hamu hiyo ni moto wa makuti: huwaka sana, huzimika upesi. Kinachobaki ni ushauri, na ushauri utakaopewa unategemea ulichokwenda nacho.

Kabla ya kujiandikisha, soma ratiba, usiishie kwenye picha za wageni maarufu. Yako makongamano ya kusikiliza tu, yenye hotuba na majopo. Mengine yana warsha, ambako kikundi kidogo husoma kazi ya kila mshiriki. Bread Loaf la Vermont, Marekani, lililoanza mwaka 1926, linajulikana kwa kuunganisha mihadhara na warsha. Mwenye mswada uliokwama aende penye warsha. Asiye na mswada asilipie kikao na mchapishaji: ikiwa unaandika riwaya, akivutiwa atauomba mswada mzima, nawe utabaki kuahidi. Vitabu visivyo vya kubuni ni tofauti kidogo, kwa kuwa mara nyingi huanza na pendekezo la kitabu na sura chache za mfano.

Kurasa za kupeleka ziandaliwe hivi: herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo ya sentimita 2.5 kila upande, jina lako na namba juu ya kila ukurasa. Kwa mpangilio huo ukurasa hubeba maneno 250 hivi, kwa hiyo kurasa kumi ni kama maneno 2,500. Wapo wanaobana mistari ili waingize zaidi. Mhariri huona ujanja huo kabla hajasoma sentensi ya pili. Na peleka kurasa za mwanzo, hata kama sura ya saba ndiyo unayoipenda. Msomaji hataanzia ya saba.

Kikao cha ana kwa ana na mhariri au wakala (anayemtafutia mwandishi mchapishaji) mara nyingi ni dakika kumi, na wengi huzimaliza kwa kusimulia kitabu kizima. Tumia mbili tu: utanzu, idadi ya maneno, mhusika mkuu ni nani, anataka nini, nini kinamzuia. Zinazobaki mwachie aulize, nawe uwe na swali lako moja. “Unaionaje kazi yangu?” hujibiwa kwa adabu, na adabu haitengenezi mswada. Uliza: “Ulipofika wapi ulitamani kuacha kusoma?” Usimkabidhi bunda la karatasi, maana hana pa kulibeba, muulize anapenda kutumiwa vipi. Wakala akikudai ada ya kusoma, aga uondoke. Wakala wa kweli hulipwa kamisheni kazi ikiuzwa, kwa kawaida asilimia 15 ya mapato ya mwandishi katika soko la nyumbani.

Warsha ndiyo inayouma. Katika nyingi, mwenye kazi hunyamaza wakati wengine wanaijadili, na kanuni hiyo ina sababu: kitabu kikishatoka hutakuwa begani mwa msomaji ukimfafanulia. Gawa ukurasa wa daftari mara mbili. Kushoto andika mahali msomaji alipokwama, kulia dawa aliyopendekeza. Upande wa kushoto uamini zaidi. Wasomaji watatu wakikwama ukurasa wa nne, hapo pana kasoro, hata kama kila mmoja ametaja dawa yake. Mmoja atasema ukate mazungumzo, mwingine uyaongeze, kumbe tatizo ni kwamba ukurasa wa pili haukusema nani anaongea na nani.

Majopo, mawili au matatu kwa siku yanatosha; ukizidisha, maelezo yote yanakuwa uji kichwani. Wazungumzaji watapingana pia: huyu anasema panga msuko wote wa matukio kwanza, yule anasema kupanga hukausha hadithi. Angalia kila mmoja anaandika nini. Wa hadithi za upelelezi mara nyingi huhitaji kumjua muuaji mapema. Mshairi hana shida hiyo. (Na kipaza sauti kikikufikia, uliza swali. Wasifu wako uache mfukoni.)

Ukirudi, yanakili maelezo yako ndani ya siku mbili, kabla mkato wa “mh. uk. 4 – nani?” haujageuka fumbo. Mswada wenyewe uuache wiki moja hivi. Anayeuparamia usiku uleule hufuata ushauri wa aliyesema kwa sauti kubwa zaidi. Aliyekuomba kazi mwandikie barua pepe ya sentensi tatu, na kwenye kichwa cha barua utaje kongamano na kwamba aliiomba. Ikiwa kasoro ya ukurasa wa nne bado ipo, irekebishe kwanza. Aliyeomba mswada anaweza kusubiri wiki chache, lakini ni nadra kuusoma mara ya pili.